Msafara wa baiskeli Tabora: tuende kwa mwendo wa nani?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Tabora mjini, nimepewa kazi ya kuongoza misafara ya klabu yetu ya baiskeli. Tuko kama ishirini na tano, wote tunajitolea, hakuna anayelipwa hata senti. Vijana wenye baiskeli za giya hutoka mbio, kina mama na wazee wenye Phoenix hubaki nyuma. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakwenda bwawa la Igombe, mama mmoja akapata pancha, akabaki peke yake njiani. Sisi wa mbele hatukujua mpaka tulipofika. Sasa baadhi wameanza kutokuja. Nikiwaambia vijana wapunguze, wananijibu kwamba mimi si bosi wao, na ni kweli. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kabla hujapanga lolote la Jumamosi ijayo, nenda kamwone yule mama. Simu haitoshi. Mwambie kwamba mpango wa klabu ndio uliomwacha, baiskeli yake na mwendo wake havina kosa lolote. Wanaoondoka kwenye klabu kama zenu mara nyingi hawalalamiki. Mtu anajiona amekuwa mzigo kwa wenzake, wiki inayofuata anapata udhuru, baada ya hapo humsikii tena. Hao walioanza kukosekana wafuate mmoja mmoja mapema, kabla hawajazoea kukaa nyumbani.

Sasa nije kwenye swali lako. Unataka kujua utawazuiaje vijana. Mimi ningeanza na tangazo. Klabu nyingi hutangaza hivi: "Jumamosi tunaenda Igombe, saa kumi na mbili asubuhi, wote mnakaribishwa." Basi. Mwendo hautajwi, umbali hautajwi, saa ya kurudi haitajwi. Kila mtu anakuja na safari yake kichwani. Kijana anakuja kufanya mazoezi ya mbio. Mama anakuja kunyoosha viungo na kuzungumza na wenzake. Mzee anakuja kwa sababu daktari amemwambia asikae sana. Wote watatu wamelifuata tangazo vizuri, na wote watatu watarudi nyumbani wamekasirika.

Kwa hiyo andika mwendo, na uuandike kwa namba. Phoenix ni chuma kizito kisicho na giya. Mtu mzima wa kawaida akiiendesha kwenye barabara ya vumbi iliyo tambarare atakwenda kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na kwenye mchanga atapungua zaidi. Kijana mwenye baiskeli ya giya, bila kujitutumua, anakwenda 20. Piga hesabu: wa 20 na wa 13 wakitoka pamoja, baada ya saa moja wametengana kilomita saba, na hakuna aliyefanya makusudi. Wa mbele akisimama kumngoja mwenzake, atangoja zaidi ya nusu saa. Hapo ndipo lawama zinapozaliwa, na usishangae vijana wakiona ni wao wanaoonewa.

Utashawishika kuchagua mwendo wa katikati, tuseme 16, ili kila upande upate kidogo. Usifanye hivyo. Mwenye Phoenix atahenyeka njia nzima na kijana bado atachoka kwa kungoja. Safari ya klabu iende kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kati ya wale uliowaalika, na vijana wapewe siku yao, tangazo lao na kiongozi wao. Safari ya mbio ni jambo zuri, iheshimiwe, ila isichanganywe na hii katika tangazo moja. Kijana akija kwenye safari ya kilomita 13 kwa saa, amekuja akijua.

Ukishatangaza hivyo, utaona suala la ubosi linapungua lenyewe. Kijana akianza kuchomoka, msogelee, mwambie pembeni, si mbele ya kundi: "Tulitangaza kumi na tatu, na ndizo tunazokwenda. Ukitaka kukimbia leo ruksa, ila niambie sasa hivi nikutoe kwenye hesabu, nisije nikakutafuta." Humwamrishi kitu. Unasimamia neno ambalo klabu imelitoa, na unampa uhuru wake wote. Wengi watabaki. Atakayeondoka ameondoka kwa kuaga, na hilo kwangu si tatizo kabisa.

Neno hilo linakubana na wewe pia. Mmesema saa moja kamili, basi saa moja na dakika kumi magurudumu yawe yanazunguka. Mmesema kilomita 30, msiongeze kilomita nane kwa sababu hali ya hewa ni nzuri na watu wamechangamka. Yupo aliyepima nguvu zake kwa 30, na yupo aliyemwachia jirani mtoto mpaka saa nne.

Tuingie barabarani. Mbele awepo kirangozi mmoja, yaani mwongoza msafara, nyuma kabisa awepo mtu tutakayemwita mkia, na katikati awepo fundi. Misafara ya Wanyamwezi iliyopita hapa Unyanyembe kwenda pwani ilikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, na wageni waliosafiri nayo miaka ya 1850 waliandika kwamba aliyempita alitozwa faini, mshale mmoja ukichomolewa kwenye podo lake uwe ushahidi mwisho wa safari. Ninyi msitozane faini, lakini sharti libaki lile lile: hakuna wa kumpita kirangozi, na hakuna wa kubaki nyuma ya mkia.

Watu wengi humweka mbele mwenye nguvu kuliko wote. Mimi namweka nyuma. Mkia ndiye atakayesimama na mwenye pancha, atakayesukuma mgongo wa mzee kwenye mchanga, kisha apandishe mwendo peke yake kuwafikia wenzake. Kazi hiyo inataka mapafu na inataka roho nzuri. Chagua kijana mmoja kati ya hao wanaokusumbua, yule ambaye wenzake wanamsikiliza, umkabidhi. Usimpe kama adhabu. Mweleze kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika msafara, maana ndivyo ilivyo. Mbele mweke mtu mwenye subira anayeendesha Phoenix yeye mwenyewe, kwa sababu miguu yake itamwambia wenzake wanavyojisikia.

Vijana waliobaki wape njia panda. Utaratibu wake ni rahisi. Mkifika panapokata kona, kirangozi anamnyooshea mkono mtu aliye nyuma yake tu, huyo anasimama hapo na kuwaonyesha njia wote wanaopita mpaka amwone mkia, kisha anaungana nao kutokea nyuma. Njia panda inayofuata anasimama mwingine. Kwa njia hii kundi linaweza kurefuka hata nusu kilomita na hakuna atakayepotea, na vijana wanapata mbio zao kila wanaporudi mbele, mkia akiwa amewaruhusu. Kinachoharibu mpango ni kitu kimoja tu: aliyesimama akichoka kungoja akaondoka kabla mkia hajafika. Hilo lirudie kila Jumamosi kabla ya kuondoka, hata kama wamelisikia mara ngapi.

Kuna jambo dogo la mapumziko ambalo huwaumiza sana wa nyuma, na wa mbele hawalioni. Wa mbele wanafika kwenye kivuli cha mwembe, wanakunywa maji, wanapiga picha, wanapumzika dakika kumi. Wa mwisho anafika anahema, naye hajashusha mguu chini mtu anapaza sauti, "Haya, tumekamilika, twendeni!" Aliyechoka kuliko wote ndiye aliyekosa kupumzika. Saa ya mapumziko ianze kuhesabiwa mkia anapofika. Aliyefika wa mwisho anywe maji, akae, aseme yuko tayari. Kabla ya kuondoka mhesabu watu kwa sauti, na mhesabu tena kila mnaposimama. Mngehesabu njiani siku ile ya Igombe, mngejua mapema.

Vivyo hivyo kila baada ya kona, daraja au mchanga. Kirangozi akishapita mchanga na kushika mwendo mara moja, yeye anaona anakwenda vile vile, kumbe nyuma bado watu wanasukuma. Wakitoka hapo inabidi wakimbize kufunga pengo, na wa mwisho hukimbiza kuliko wote. Baada ya kizuizi chochote, kirangozi aende taratibu kabisa mpaka neno "tumetimia" litoke nyuma, lipokezwe mtu kwa mtu.

Sasa pancha, kwa sababu Tabora ina miiba na hamtaikwepa. Fundi wa msafara hahitaji kuwa fundi wa mtaani, ila ajue valvu. Phoenix hutumia tairi za 28 na ile valvu yenye kimpira chembamba ndani. Baiskeli nyingi za giya ni 26, valvu yake nene kama ya pikipiki. Zile za mbio zina valvu nyembamba yenye kichwa kidogo cha kulegeza kabla ya kujaza. Nimeshuhudia watu wamebeba pampu nzuri, mpya, na haikuingia kwenye baiskeli iliyoharibika. Siku moja kabla ya safari, pampu ijaribiwe kwenye aina zote tatu. Mbebe tyubu moja ya 28 na moja ya 26, viraka, solusheni, msasa, spana ya nati za gurudumu (Phoenix haifunguki kwa mkono), na vimpira vya valvu kadhaa, kwani kimpira kikioza baiskeli huisha upepo taratibu na mtu atatafuta tundu kwenye tyubu asilione. Njia ikiwabana kabisa, tyubu ya 26 inavutika ikakaa kwenye gurudumu la 28 na kuwafikisha nyumbani.

Mkiziba, mwiba utolewe kwanza. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitanasa mahali. Vidole hutafuta vizuri pia lakini vinachomwa. Wengi hubandika kiraka safi, wanajaza upepo, na baada ya dakika tano mwiba ule ule umetoboa pembeni. Halafu solusheni iachwe ikauke mpaka iache kung'aa ndipo kiraka kishikwe na kugandamizwa. Haraka ya wanaongoja ndiyo inayoharibu viraka, hivyo fundi asisimamiwe na watu ishirini. Mwenye baiskeli, fundi na mkia wabaki, watu watatu, na wengine wasogee taratibu mpaka kivuli kinachofuata wangoje hapo. Pasiwe na mtu anayebaki peke yake, kwa sababu yoyote, hata akisisitiza kwamba yuko sawa na muendelee. Wanaosisitiza hivyo ni wale wanaoona haya kuwachelewesha wenzao.

Juu ya usalama nitasema machache. Kwenye lami ya Nzega au ya Urambo mwende mstari mmoja upande wa kushoto, vikundi vya watu wanane au kumi, na katikati ya kikundi na kikundi muache nafasi ya kutosha lori kuingia likipita. Mstari mmoja wa watu ishirini na tano unamlazimisha dereva kukaa upande wa pili muda mrefu, na likitokea gari mbele atarudi kushoto mlipo ninyi. Mtu asipachike gurudumu lake la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzake. Vikigusana, wa mbele huenda asihisi kitu, wa nyuma anaanguka. Anayeona shimo atamke "shimo", anayesikia gari atamke "gari nyuma", na neno lipokezwe. Mkisimama, baiskeli zote zitoke nje ya barabara, hata ya mwenye haraka ya kunywa maji.

Mji wetu ni njia panda ya reli, reli iliyofika hapa mwaka 1912, na watu wanakatiza reli kila siku hadi wameizoea. Gurudumu la baiskeli linaingia vizuri kabisa pembeni ya chuma cha reli likikatiza kwa mshazari. Mkatize reli kwa pembe mraba, na mvua ikinyesha mshuke msukume, kwani chuma kilicholowa kinateleza.

Kuna watu wengine barabarani ninaotaka muwaheshimu kuliko magari. Alfajiri utakutana na wenye baiskeli za mkaa wakiingia mjini, magunia yamepanda juu ya keria mpaka kichwa hakionekani kwa nyuma. Mtu huyo ametoka mbali usiku, hawezi kukwepa wala kusimama ghafla, na akiangusha mzigo hawezi kuuinua peke yake. Kirangozi akimwona, msafara mzima uteremke pembeni umpishe. Mumsalimie. Ninyi mnaendesha kwa afya na furaha, yeye yuko kazini.

Saa ya kuanza: lile tangazo la saa kumi na mbili nililolitaja mwanzoni naona limenakiliwa kutoka miji ya mashariki. Jua huku huchomoza karibu nusu saa baada ya Dar es Salaam. Februari na Julai linakaribia saa moja kamili. Saa kumi na mbili bado ni giza, na mnapanga safari ya watu wasio na taa. Mkutane saa kumi na mbili na nusu, mkague baiskeli (upepo, breki, cheni), muondoke saa moja, mrudi kabla ya saa nne. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, fupisheni safari badala ya kuongeza vituo. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita moja na nusu. Mtu akianza kutetemeka kwenye joto, au kujibu maswali ovyo, safari yake imekwisha: akae kivulini, alowanishwe maji kichwani na shingoni, apepewe, na usafiri uitwe wa kumpeleka hospitali. Asiambiwe ajikaze.

Kina mama wanaovaa baibui au khanga, waonyeshe mapema jinsi ya kukunja pindo na kulibana upande wa kulia, cheni iliko, na gurudumu la nyuma liwekewe wavu au kitambaa cha kuzuia nguo isiingie kwenye njiti. Wamwone mwanamke mwenzao akifanya. Kwangu hilo limefaa kuliko maelezo ya mwanamume yeyote. Na mkipanga kwenda misitu ya kusini, upande wa Sikonge, mjue mbung'o hufuata kitu kinachotembea na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Nguo za rangi ya mchanga zitawapunguzia usumbufu.

Kiongozi apite njia yote siku chache kabla, saa zile zile, na apite kwa Phoenix. Ukiipitia kwa pikipiki hutaujua mchanga. Andika daftarini vivuli viko wapi, maji yako wapi, wapi simu haishiki, na wapi gari linaweza kuingia kumchukua mgonjwa. Daftari hilo hilo liwe na jina la kila mwanachama, simu yake, na simu ya mtu wa nyumbani kwake. Nakala moja ibaki na mtu ambaye hakwenda. Mtu akianguka vibaya asinyanyuliwe kwa haraka. Wawili wasimame mbele na nyuma kuzuia magari, mmoja apige 112, mmoja akae naye tu na kuzungumza naye. Majina ya hao wanne yajulikane kabla hamjaondoka mjini.

Siku ya safari isiwe ile ile mwaka mzima. Wako wanaosali Jumamosi, wako wanaosali Jumapili, Ramadhani watu hawawezi kunywa maji njiani, na mvua zikianza Novemba wengi wako shambani. Zungusheni siku. Mwezi wa mfungo mwaweza kufanya safari fupi ya jioni ndani ya mji, kilomita nane, mkamaliza mapema watu wakawahi kufuturu.

La mwisho ni lako mwenyewe. Umepewa kazi, lakini hukuandikiwa uifanye kila wiki. Anayejitolea peke yake huchoka ndani ya msimu mmoja, na akiacha, klabu inalala. Kila safari chukua mtu mmoja aongoze pamoja nawe: wiki hii awe mkia, wiki ijayo apitie njia, ya tatu aandike tangazo na aongoze wewe ukiwa katikati ya kundi, umenyamaza. Akikosea kona, mwache aigundue. Fedha za tyubu na solusheni zichangwe kidogo kidogo na zishikwe na mtu mwingine, si wewe, na matumizi yasomwe kwa sauti mwisho wa kila mwezi. Kwa Jumamosi hii ningeanza na Kwihara kwenye lile tembe, nyumba ya kale alimokaa Livingstone, safari fupi, kilomita 12 kwa saa, vijana watatu wakiwa na njia panda zao. Tangazo litoke Jumatano, ili anayetaka kumpelekea fundi baiskeli yake apate siku mbili.